Kupeleka hadithi fupi kwenye shindano la jarida la wanawake ukiwa Lubumbashi

Hadithi nyingi zinazotupwa kwenye mashindano hazitupwi kwa sababu zimeandikwa vibaya. Moja imezidisha maneno mia mbili, nyingine imeachwa na jina la mwandishi juu ya ukurasa, nyingine imefika saa moja baada ya mlango kufungwa, na nyingine imetumwa na mtu ambaye nchi yake haimo kabisa kwenye masharti. Msomaji wa kwanza wa shindano anapewa rundo, na kazi yake ni kulipunguza. Njia ya haraka ya kulipunguza ni masharti, kwa hiyo ndiko anakoanzia.

Mwandishi wa Lubumbashi ana mitego yake ya ziada: majina matatu kwenye kadi, saa za miji mingine, kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, na Kiswahili chetu chenyewe, ambacho msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kukisoma vingine kabisa. Mwongozo huu unapita kwenye mitego hiyo kwa utaratibu wa kazi yenyewe, tangu kuona tangazo mpaka kupokea zawadi.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kabla ya kuandika neno moja

Tangazo la konkuru, yaani shindano, linasambaa kwenye WhatsApp likiwa picha tu: zawadi kwa herufi kubwa, tarehe, basi. Picha hiyo haitoshi. Tafuta ukurasa wa masharti wa jarida lenyewe, na usome vitu vitano kwa mpangilio huu: nani anaruhusiwa, lugha gani, urefu gani, ada kiasi gani, na haki zipi wanachukua. Kimoja kikikufungia mlango, acha hapo hapo, usipoteze wiki tatu.

Suala la uraia linawaangusha wengi wetu. Mfano mzuri ni tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Hailipishi ada, inapokea hadithi za maneno 2,000 hadi 5,000, na Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Kwa mwandishi wa hapa inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili yake. Lakini ni ya raia wa nchi za Jumuiya hiyo, na Kongo haimo. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Kasumbalesa, wanaruhusiwa. Rwanda iliingia mwaka 2009, Gabon na Togo mwaka 2022. Sisi hapana. Kama una uraia wa Zambia au Tanzania kwa haki, endelea. Kama huna, usijaribu kupita kwa anwani ya shangazi wa Ndola, maana washindi huombwa vitambulisho.

Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo ilianza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hutajwa sana kwenye makundi ya waandishi wa Kiswahili. Ni tuzo ya kweli, ila inataka mswada mzima wa kitabu. Hadithi moja ya kurasa sita haina mahali pale.

Majarida ya wanawake yenyewe, kwa mtu wa hapa, yanagawanyika kwa lugha. Kwa Kifaransa kuna Amina, jarida la wanawake wa Afrika lililoanza mwaka 1972. Nakala kuukuu ukizikuta saluni usizipite. Kwa Kiingereza kuna majarida ya Uingereza yenye desturi ndefu ya hadithi fupi, kama The People's Friend la Dundee, linalotoka tangu 1869, na kuna Mslexia, jarida la waandishi wanawake lililoanzishwa mwaka 1999, ambalo mashindano yake huwa na ada. Kwa Kiswahili, matangazo hutoka zaidi Tanzania na Kenya, na macho yawe wazi karibu na tarehe 8 Machi, tarehe 7 Julai ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 31 Julai ya mwanamke wa Afrika, na siku 16 za kupinga ukatili zinazoanza tarehe 25 Novemba. Mashirika hupenda kutoa wito wa hadithi kwenye siku hizo, na mara nyingi ada haipo.

Hatua ya 2: Soma jarida mpaka umjue msomaji wake

Soma matoleo matatu, si moja. Chukua daftari, na kwa kila hadithi andika: mhusika mkuu ana umri gani, anafanya kazi gani, hadithi inachukua muda gani (saa moja? mwaka?), wahusika wenye majina ni wangapi, na inaishia kwa hali gani. Ukimaliza hadithi sita utaona sura ya jarida bila kuambiwa na mtu.

Kwa kawaida utakuta wahusika wawili hadi wanne, muda mfupi, jambo la nyumbani au la moyo, na mwisho wenye mwanga fulani. Mwanga huo haulazimiki kuwa harusi, lakini msomaji haachwi kwenye shimo. Majarida ya aina ya The People's Friend hayataki damu, matusi wala chumba cha kulala. Jarida la wanawake vijana wa mjini linaweza kuvumilia zaidi. Mwandishi anayepeleka hadithi ya mauaji ya mgodini kwa wasomaji wanaonunua jarida wapumzike jioni hajakosea kuandika, amekosea mlango.

Angalia na matangazo ya biashara. Hakuna anayekuambia hili, lakini tangazo linamjua msomaji kuliko mhariri. Jarida lenye matangazo ya maziwa ya watoto lina wasomaji tofauti na lenye matangazo ya mikopo ya biashara.

Hatua ya 3: Panga hadithi ndogo kuliko unavyotaka

Kosa la kwanza la hadithi za hapa ni ukubwa. Maneno 1,500, na ndani yake kuna msichana anayezaliwa Katuba, anafiwa na baba, anasoma kwa shida, anaolewa, anapigwa, anaachwa, anafungua duka, anatajirika, na mume anarudi kuomba msamaha. Hiyo ni riwaya iliyobanwa, na matokeo yake ni muhtasari: kila tukio linapata mistari minne, na hakuna hata moja ambalo msomaji analiona kwa macho.

Kwa maneno 1,500, chukua mwanamke mmoja, kitu kimoja anachokitaka leo, na mtu mmoja anayezuia. Mambo yote ya nyuma yaingie kwa sentensi moja moja, pale tu yanapohitajika. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: maneno 150 ya kwanza yatuonyeshe mtu na haja yake, kabla ya neno la 400 kizuizi kiwe kimeingia mlangoni, maneno 700 yanayofuata ni mvutano wenyewe, kwa mazungumzo na vitendo, yanayobaki ni uamuzi wake na kinachofuata. Mgawanyo huu si sheria. Lakini ukikuta neno la 600 limefika na kizuizi hakijaonekana, kata mwanzo.

Tuangalie mwanzo mmoja kwa karibu. Hivi ndivyo hadithi nyingi zinavyoanza:

"Hapo zamani katika mji wa Lubumbashi kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Ngoie. Alikuwa mama wa watoto watano. Maisha yake yalikuwa magumu sana kwa sababu mume wake alipoteza kazi. Alikuwa mwanamke mwenye bidii na aliyependa watu wote."

Maneno zaidi ya thelathini, na hatujaona chochote. "Magumu sana" na "mwenye bidii" ni hukumu ya mwandishi. Msomaji hana cha kuangalia. Sasa tazama hadithi hiyo hiyo ikianza siku ya kisa:

"Leo ilikuwa zamu yake ya likelemba, na Ngoie alikuwa ameshaitumia pesa hiyo kichwani mara nne kabla mbabula haijashika moto. Mara ya tano alikuwa bado kwenye ada za shule, shemeji yake alipoingia bila hodi na kuketi kwenye kiti cha mume."

Kwa maneno karibu yale yale tumepata siku, pesa, umaskini, watoto wa shule, na mtu atakayezitaka pesa hizo. Neno "umaskini" halikutajwa. Kiti cha mume kimesema lile ambalo aya nzima ingelieleza. Msomaji wa Mombasa asiyejua likelemba ataelewa kwa "zamu yake" na "pesa hiyo" kwamba ni mchango wa kupeana kwa zamu. Hapakuhitajika mabano wala maelezo. Fanya vivyo hivyo kwa kila kitu cha kwetu: kiweke karibu na kitendo kinachokifafanua. Mbabula inashika moto, basi ni jiko la makaa. Sombe inatwangwa, bukari inasongwa. Usibadilishe sombe kuwa kisamvu kwa kuogopa majaji; sombe ndiyo inayowaambia kwamba hadithi hii imetoka mahali fulani.

Kosa la pili ni mwisho wa mahubiri. "Ndiyo maana wazazi wanashauriwa..." Majaji wanaosoma hadithi mia wanaijua sentensi hiyo kabla hawajafika. Ukishaandika tendo la mwisho la mhusika, funga. Jaribio rahisi: futa aya yako ya mwisho nzima, kisha soma. Mara nyingi hadithi inasimama vizuri zaidi bila hiyo.

Kosa la tatu, na hili ni la hadithi za wanawake hasa: mwanaume, mchungaji au shirika linaingia mwishoni na kutatua kila kitu. Mhusika wako aliteseka kurasa tano, halafu mjomba wa Ulaya anatuma pesa. Suluhisho litoke mkononi mwake, hata liwe dogo. Ngoie anaweza kumpa shemeji nusu ya pesa na kubaki na nusu, kwa masharti yake mwenyewe. Hiyo inatosha.

Hatua ya 4: Kiswahili cha nani?

Hapa ndipo mwandishi wa Lubumbashi anapopotea kwa njia mbili. Wa kwanza anaandika kama anavyosema nyumbani, na jaji wa Dar es Salaam anadhani ni makosa. Wa pili anaogopa, anaandika Kiswahili cha kitabu cha shule hata kwenye kinywa cha bibi wa Ruashi, na hadithi inakauka kama samaki wa thomson aliyetiwa chumvi.

Njia ya kati ni hii. Masimulizi yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Mazungumzo yabebe sauti ya hapa kwa kiasi ambacho mgeni anaweza kufuata. "Niko nakuya, mama, ningojee kidogo" inapita popote: tofauti inasikika, maana haipotei. Lakini "Paka mie njo nilibakia ku nyumba" itamkwamisha msomaji wa pwani. Kwetu "paka" ni "tu". Kwake ni mnyama anayekamata panya, na neno "njo" atalisoma kama mtu anaitwa. Maneno mawili ya aina hiyo kwa ukurasa yanatosha, na yawe yale yanayoeleweka kwa muktadha.

Kwenye masimulizi, pitia orodha hii ya mambo yanayotuponyoka:

- Viambishi ba-, mu- na bi-: batoto, mutoto, bintu. Sanifu ni watoto, mtoto, vitu.
- Sauti th, dh na gh: feza, zarau, zaifu ziwe fedha, dharau, dhaifu. Angalia sana "thamani": ukiandika "samani" umesema meza na viti.
- Herufi h: asubui, safari ya mbali "ata" mchana. Ni asubuhi, ni hata.
- Ng' yenye ritifaa, ile alama ya juu: ng'ambo, ng'ombe. Kwenye kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, alama hiyo iko kwenye kitufe cha 4, bila kushika kitufe kingine.
- "Sawa" kwa maana ya "kama": "anatembea sawa mama yake". Sanifu ni "kama mama yake".
- "Ku" na "mu" kama maneno ya pekee: "ku soko", "mu nyumba". Sanifu ni sokoni, nyumbani.

Majina ya watu nayo yapimwe. Mujinga ni jina la heshima huku kwetu, na wanawake wengi wanalibeba vizuri. Kwa msomaji wa Tanzania, shujaa wako ataitwa mpumbavu kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na hadithi ya huzuni itageuka kichekesho. Kama hilo silo unalolitaka, chagua Ngoie, Kapinga au Kabedi. Tahadhari hiyo hiyo iende kwa komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi: mhusika "aliyeondoka Kenya asubuhi akafika Katuba kwa miguu" atamshangaza jaji wa Nairobi. Andika "komini ya Kenya" mara ya kwanza, na jambo limeisha.

Ukiandika kwa Kiswahili na kutafsiri kwenda Kifaransa au Kiingereza, fahamu kwamba hadithi itanenepa. "Nisingalimwambia" ni neno moja kwetu. Kwa lugha hizo ni manne au zaidi. Hadithi ya maneno 2,000 ya Kiswahili inaweza kuongezeka robo nzima au zaidi, kwa hiyo ikiwa kikomo ni 2,000 kwa Kiingereza, rasimu yako isipite 1,500. Na usikabidhi tafsiri kwa mashine kisha uitume ilivyo: masharti mengi ya siku hizi yanakataa maandishi yaliyotengenezwa na akili bandia, na methali iliyotafsiriwa na mashine inajulikana mara moja.

Hatua ya 5: Kuhesabu

Mashindano ya Kiswahili na ya Kiingereza huhesabu maneno. Ya Kifaransa mara nyingi huhesabu signes, yaani kila herufi, kila alama, na kila nafasi kama wameandika "espaces compris". Ukurasa mmoja wa kipimo chao, feuillet, ni signes 1,500. Kwa hiyo "signes 10,000" si hadithi ndefu: ni karibu maneno 1,600 tu ya Kifaransa. Kwenye Word, bonyeza idadi ya maneno iliyo chini kushoto. Dirisha litafunguka na kukupa hesabu zote, yenye nafasi na isiyo na nafasi.

Kichwa cha hadithi kwa kawaida hakihesabiwi, isipokuwa masharti yaseme. Hata hivyo acha akiba ya maneno 30 chini ya kikomo, kwa sababu programu hazihesabu sawa: simu inaweza kutoa 1,990 na kompyuta ya jaji 2,006. Word pia huhesabu alama iliyosimama peke yake kama neno. Ukiacha nafasi kabla ya kila alama ya kuuliza, kwa desturi ya Kifaransa, hadithi yenye maswali 25 imejiongezea maneno 25 ya bure.

Hatua ya 6: Kuchapa na kuandaa faili

Kama unaandikia kwenye simu, ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi au zima usahihishaji wa Kifaransa, la sivyo itageuza maneno yako kimya kimya na hutaona mpaka baadaye. Kama unaandika kwa mkono na kupeleka kwenye sekretaria kuchapwa, kubaliana bei kwa ukurasa kabla, na uulize kama masahihisho yamo ndani ya bei au yanalipwa tena. Kaa na mchapaji kwenye ukurasa wa kwanza. Akishaelewa ng' na majina yako, kurasa nyingine zitaenda. Faili ichukue kwa barua pepe, siyo kwa flashi peke yake: flashi iliyopita kwenye mashine za cyber hurudi na virusi, na hadithi inageuka njia ya mkato isiyofunguka.

Masharti yasiposema vingine, tumia karatasi ya A4, pembeni sentimita 2.5, Times New Roman 12, mistari yenye nafasi mbili, namba za kurasa, na kichwa cha hadithi juu ya kila ukurasa. Hakuna picha, hakuna maua pembeni, hakuna herufi za rangi.

Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, na zinaacha alama zake: « » badala ya " ", na nafasi kabla ya ? ! : na ;. Kwa shindano la Kifaransa hayo ni sahihi. Kwa shindano la Kiswahili la Afrika Mashariki yanaonekana kama uchafu. Bonyeza Ctrl+H, nakili nafasi pamoja na alama yake kutoka kwenye maandishi, ubandike kwenye kisanduku cha kwanza, na kwenye cha pili weka alama peke yake. Rudia kwa kila alama. Mazungumzo pia: Kifaransa huanza kwa kistari, Kiswahili cha magazeti hutumia alama za kufungua na kufunga. Chagua moja, usichanganye.

Kisha jina. Mashindano mengi husomwa bila majina, na jina likionekana popote hadithi inatolewa. Kufuta jina kwenye ukurasa hakutoshi, kwa sababu faili yenyewe inabeba jina la mwandishi au la mwenye mashine. Kwenye Word nenda Fichier, kisha Informations. Upande wa kulia utaona "Auteur". Tumia Inspecter le document kufuta taarifa binafsi, hifadhi, funga, fungua tena uhakikishe. Jina la faili liwe kichwa cha hadithi, siyo "Hadithi ya Ngoie final final 2". Wakitaka docx, usipeleke PDF, na usipeleke picha za kurasa zilizopigwa kwa simu.

Hatua ya 7: Ada na saa

Ada ya kuingia si lazima iwe wizi. Majarida mengi ya Uingereza hulipia majaji na zawadi kwa ada hizo. Lakini pima: ada ikizidi bei ya toleo moja au mawili ya jarida, na zawadi ni cheti, achana nayo. Malipo ya nje yanahitaji kadi. Kadi ya benki ya kujaza pesa kabla inafaa kuliko kadi ya akaunti yako yote, na ijaze siku mbili kabla na dola chache zaidi ya ada, kwa kuwa makato ya kubadilisha sarafu huja juu. Pesa ya simu ya Kongo usidhani inavuka mpaka kwenda namba ya Nairobi kwa sababu jina la huduma linafanana. Muulize wakala kwanza.

Kuna ada moja isiyolipwa kamwe: ile inayodaiwa baada ya kuambiwa umeshinda. "Frais de dossier", "gharama za kutuma hundi", "nunua nakala kumi za kitabu chenye hadithi yako". Zawadi ya kweli haidai pesa. Vivyo hivyo, mtu anayesema zawadi itakabidhiwa hotelini jioni, uje peke yako, huyo si jarida.

Saa sasa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima. Tangazo la London linalosema 23:59 linafungwa kwetu saa nane kasoro dakika moja usiku wakati wa baridi yao, na saa saba kasoro dakika moja wakati wa joto. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Hiyo inakupa nafasi. Nairobi na Dar es Salaam ndizo zinazotunasa, maana ziko mbele yetu kwa saa moja: 23:59 yao ni saa tano kasoro dakika moja usiku hapa. Na tangazo la Kiswahili likisema "saa sita usiku tarehe 30", usianze kubishana ni usiku upi. Hesabu usiku wa kuamkia tarehe 30, na uwe umetuma kabla.

Kwa kweli, usitume siku ya mwisho. Tuma siku tatu kabla, asubuhi, umeme ukiwepo na mega zikiwa zimebaki. Siku ya mwisho tovuti hulemewa, na huku kwetu umeme una ratiba yake. Ukishatuma, piga picha ya skrini ya uthibitisho na uihifadhi.

Hatua ya 8: Majina matatu, visanduku viwili

Kadi zetu zina nom, post-nom na prénom. Fomu za Kiingereza zina visanduku viwili. Kwenye First name weka prénom. Kwenye Surname au Last name weka nom na post-nom, kwa mpangilio ule ule wa kadi. Kisanduku cha Middle name kikiwepo, post-nom iende huko. Usifupishe, usitumie jina la ndoa ambalo halimo kwenye kadi ya mpiga kura au pasipoti. Jina la kalamu lina kisanduku chake. Lisiingie kwenye la malipo. Pesa inayotumwa kwa Western Union kwa majina mawili, ukija dirishani na kadi ya matatu, inaweza kukataliwa, na kusahihisha kunachukua siku kadhaa za barua pepe na mtu aliyeko mbali.

Anwani: ikiwa fomu inalazimisha msimbo wa posta, andika 0000 au N/A kama inakubali, na weka namba ya simu yenye +243 bila sifuri ya mbele. Zawadi ikiwa kitabu au nakala za jarida, uliza kama zinaweza kuja kwa mtu anayesafiri, au wakupe faili ya kurasa.

Hatua ya 9: Haki zako

Soma mstari wa haki mara mbili. Wakiomba haki ya kuchapisha mara ya kwanza, hadithi inarudi kwako baadaye na unaweza kuiweka kwenye mkusanyiko wako. Wakiomba haki zote, umeiuza moja kwa moja: filamu, redio, tafsiri, yote. Mwaka 2018 waandishi wa Uingereza walipinga hadharani jarida la Woman's Weekly lilipoanza kutaka haki zote, kwa hiyo si suala la wageni peke yao. Masharti mabaya kuliko yote ni yale yanayochukua haki za hadithi zote zilizotumwa, zikiwemo zilizoshindwa. Hapo usipeleke. Sheria ya Kongo ya haki za waandishi, Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inakulinda, lakini sahihi uliyoweka kwa hiari ni vigumu kuirudisha.

Na hadithi iwe haijachapishwa. Kwa masharti mengi, kuiweka Facebook au kwenye blogu ni kuichapisha. Kuisoma mbele ya kundi la watu watano wa kutoa maoni hakuhesabiwi. Kundi la WhatsApp la watu mia tatu liko katikati, hadithi usiiweke humo.

Kama wanakataza kutuma hadithi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja, subiri matokeo. Tengeneza jedwali dogo kwenye daftari: kichwa, idadi ya maneno, ilikotumwa, tarehe ya kutuma, tarehe ya matokeo, haki zilizobaki. Matokeo yakipita kwa mwezi mmoja bila jibu, andika barua pepe ya mistari mitatu kuuliza. Hadithi iliyokosa ipitie tena hatua ya 2 kwa jarida jingine, irekebishwe urefu, na ibadilishwe jina la faili kabla ya kuondoka. Majaji wa pili hawahitaji kuona kwamba ilishapita kwa wa kwanza.